Kukopa Harusi: Uhakiki wa Lugha ya Biashara na ya Michango katika Kiswahili cha Kenya

UTANGULIZI

Uhakiki wa Kiswahili ulilelewa na ushairi, kisha ukahamia katika riwaya na tamthilia. Katika nyanja hizo mhakiki ameyazoea maswali yake: dhamira ya mtunzi ni ipi, fani imeyabeba vipi maudhui, na msomaji anaachiwa nini. Lakini maandishi ambayo Mkenya wa kawaida huyasoma kila siku si shairi wala riwaya. Ni tangazo lililochorwa ukutani mwa duka, ujumbe wa simu unaotaja salio, fomu ya mkopo, kadi ya mchango wa matibabu, ripoti ya mradi wa maji. Maandishi haya hayana jina la mtunzi, na labda ndiyo sababu yameachwa bila mhakiki. Hata hivyo ndiyo yanayomfanya msomaji atoe pesa, atie sahihi, achange au akatae. Asiyeielewa riwaya hupoteza jioni moja. Asiyeyaelewa masharti ya mkopo huweza kupoteza ng'ombe wake.

Si kwamba nadharia haikuwapo. Mwaka wa 1960 Roman Jakobson alipotaka kuonyesha kwamba sifa ya kishairi haipatikani katika mashairi peke yake, alichagua wito wa kampeni ya Eisenhower nchini Marekani, "I like Ike", akauchambua silabi kwa silabi. Mwaka wa 1966 Geoffrey Leech alichapisha kitabu kizima juu ya Kiingereza cha matangazo ya biashara nchini Uingereza. Kwa upande wa Kiswahili, mtaalamu wa lugha akikutana na tangazo, aghalabu hutazama sarufi tu: upatanisho wa ngeli umevunjwa, neno la Kiingereza limeingizwa, tahajia imekosewa. Malalamiko hayo yana haki yake. Lakini makala haya yanadai kwamba usahihi wa sarufi ni kipimo kimoja tu cha maandishi ya aina hii, tena si kipimo cha kwanza. Kipimo cha kwanza ni kama maandishi yanamwambia msomaji mambo matatu: ni nani anayesema naye, anatakiwa afanye nini, na jambo hilo litamgharimu nini. Kwa kipimo hicho itaonekana kwamba baadhi ya maandishi yenye Kiswahili chenye kasoro humtendea msomaji haki, na baadhi ya yale yenye Kiswahili cha kupendeza humficha jambo.

1. MUUZAJI ALIYEMJUA MSOMAJI WAKE

Yako mazoea ya kudhani kwamba lugha ya biashara katika Kiswahili ilianza na makampuni ya kigeni, na kwamba kazi ya Kiswahili ni kuifasiri tu. Dhana hiyo haina msingi. Watu wa pwani waliandikiana barua za biashara kwa hati za Kiarabu muda mrefu kabla ya ofisi za kikoloni, na C. G. Büttner alipochapisha mkusanyo wake wa maandishi ya Kiswahili mwaka wa 1892, barua zilikuwa miongoni mwa yaliyomo. Barua ya namna hiyo ilikuwa na utaratibu wake: anwani ya heshima, salamu, kisha "ama baada ya salamu", ndipo shauri lenyewe, na mwisho "wasalaam". Msomaji wa leo, aliyefunzwa shuleni kuandika "Kuh:" au "Mint:" juu ya barua rasmi na kuingia katika jambo moja kwa moja, huenda akaona salamu zile kuwa ni maneno ya kujaza ukurasa. Sivyo. Salamu zilithibitisha nani anasema na nani, na kwa cheo gani. Katika biashara ya mali kauli, ambapo mtu alikabidhiwa bidhaa kwa neno tu na kulipa baada ya kuuza, kumjua anayesema ndiyo dhamana yenyewe.

Mfano ulio dhahiri zaidi ni leso, yaani kanga. Mjini Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak limejulikana kwa vizazi kadhaa kwa alama ya "Mali ya Abdulla" inayochapwa juu ya nguo zake. Leso ina pindo, ina mji, na chini ya mji lina jina, yaani ule msemo unaochapwa juu yake, zamani kwa hati za Kiarabu na baadaye kwa hati za Kirumi. Kwa jicho la biashara, jina hilo ni maandishi ya kuuzia bidhaa. Rangi na pindo humvuta mnunuzi, lakini mara nyingi jina ndilo linaloamua kama atanunua leso hii au ile iliyotandikwa kando yake. "Wema hauozi" haimfai mwenye ugomvi na jirani. "Usisafirie nyota ya mwenzio" haimfai bibi anayemtafutia mkwewe zawadi.

Linalostahili kuangaliwa ni kwamba jina la leso lina wasomaji wawili. Wa kwanza ni mnunuzi anayetoa pesa. Wa pili ni yule atakayelisoma mgongoni mwa mnunuzi: mume, mke mwenza, wifi, jirani. Mfanyabiashara hamjui huyo wa pili, lakini anajua kwamba yupo, na anajua kwamba mnunuzi anamfikiria yeye anapochagua. Kwa hiyo jina la leso haliisifu nguo. Halisemi kwamba pamba yake ni imara wala kwamba rangi haichujuki. Linampa mnunuzi maneno aliyoyahitaji na ambayo pengine hakuthubutu kuyatamka. Hapa muuzaji ameanza na haja ya msomaji, akaifikia bidhaa kwa njia ya haja hiyo. Tena hakumficha chochote: mnunuzi anaiona nguo, anausoma msemo, anaijua bei kabla ya kufungua kibindo.

2. MAJINA YA HUDUMA ZA SIMU

Kutoka leso hadi simu ya mkononi ni safari ndefu kwa miaka, lakini kwa lugha ni fupi. Katika zote mbili muuzaji anategemea maneno machache ya Kiswahili yaliyochaguliwa kwa uangalifu. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwezi wa Machi 2007, huduma za fedha kwa simu zimekuwa kiwanda kikubwa cha majina ya Kiswahili. Hili lenyewe ni jambo la kupongezwa. Katika nchi ambamo benki kwa muda mrefu zilisema na wateja wao kwa Kiingereza, neno "pesa" liliwekwa wazi katika jina la huduma iliyokuja kumfikia karibu kila mtu mzima.

Yachukuliwe majina mawili ambayo walimu wa Kiswahili wana sababu ya kuyalalamikia. La kwanza ni "Lipa na M-Pesa", huduma iliyoanza mwaka wa 2013. Katika Kiswahili sanifu, kifaa cha kutendea hutanguliwa na "kwa": mtu hukata kwa kisu, huandika kwa kalamu, hulipa kwa hundi. Kiunganishi "na" huonyesha uandamano, kama katika "alikuja na Juma", au mtendaji baada ya kauli ya kutendwa, kama katika "alipigwa na Juma". Kwa sarufi hiyo "Lipa na M-Pesa" ingemaanisha kwamba M-Pesa ni mwenzi wa mlipaji, nao wawili wanalipa kwa pamoja. La pili ni "Lipa Mdogo Mdogo", mpango wa mwaka wa 2020 wa kununua simu kwa malipo ya vipande. Hapa "kidogo kidogo" ya Kiswahili sanifu imeachwa, ikachukuliwa kauli ya mitaa ya Nairobi.

Kwa kipimo cha sarufi majina haya mawili yana kasoro. Lakini yakipimwa kwa maswali matatu yaliyotajwa katika utangulizi, yanajibu vizuri. Kitenzi ni "lipa", nacho kinasema bila kuficha kwamba pesa zitatoka kwa msomaji. Jina la pili linaongeza kwamba zitatoka tena na tena, vipande vipande. Anayelisikia kwa mara ya kwanza hadanganyiki kuhusu jambo analoitiwa.

Sasa yachukuliwe majina mengine matatu ambayo hakuna mwalimu atakayeyatilia wino mwekundu: "Okoa Jahazi", huduma ya kukopa muda wa maongezi; "M-Shwari", akaunti ya akiba na mikopo iliyoanza Novemba 2012; na "Fuliza", iliyoanza Januari 2019, ambayo humwezesha mteja wa M-Pesa kukamilisha malipo hata salio lake lisipotosha. Kwa upande wa fani, majina haya yanapendeza. Mawili ya kwanza yametoka baharini. Jahazi linalokaribia kuzama na bahari iliyotulia baada ya upepo ni taswira kongwe za ushairi wa pwani, nazo zimemfikia mteja wa Kitale na wa Garissa ambaye pengine hajawahi kuliona jahazi. "Fuliza" nalo ni kitenzi kizuri cha Kiswahili. Katika kamusi, fuliza na fululiza ni kufanya jambo bila kukoma, kwenda moja kwa moja. Ndimo limo neno "mfululizo".

Lakini huduma zote tatu zinahusu, kwa sehemu au kwa ukamilifu, kukopa, na hakuna jina hata moja lenye neno "kopa", "deni" au "riba". Katika "Okoa Jahazi" mteja ndiye mwokozi. Anayemkopesha haonekani, na ada yake haionekani. Katika "M-Shwari" utulivu unafaa sana kwa akiba, lakini unaenea hadi kwenye mkopo ambao kwa tabia yake si utulivu. Mikopo hiyo ilipoanza ilitozwa asilimia 7.5, na tozo hilo liliitwa ada, halikuitwa riba. Tofauti ya maneno haya mawili si ndogo katika Kiswahili. Riba ni neno lenye uzito wa dini na wa maadili. Hata asiye Mwislamu analisikia kuwa ni jambo la kuangaliwa mara mbili. Ada ni kitu anacholipa mtoto shuleni. Na katika "Fuliza" taswira ni ya mwendo usiokatizwa: mteja yuko dukani, pesa zimepungua, lakini asisimame, aendelee. Kwamba kila siku deni lisipolipwa ada nayo inaendelea, hilo pia ni kufuliza, lakini si kufuliza kunakokusudiwa na tangazo.

Wahenga walilisema jambo hili kwa maneno manne: kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hiyo ina pande mbili, na ukweli wake umo katika kukaa kwa pande hizo pamoja. Majina yaliyotajwa yamechukua upande wa harusi, upande wa matanga yakauacha katika masharti.

Huenda ikajibiwa kwamba jina si mkataba, kwamba kila muuzaji husifu chake, na kwamba gharama hutajwa mahali pengine kwa mteja anayetaka kuijua. Jibu hilo lina nguvu. Hakuna anayedai kwamba duka la nguo liandike mlangoni kwamba nguo huchakaa. Lakini pana tofauti kati ya bidhaa na deni. Bidhaa iko mbele ya mnunuzi na bei yake italipwa papo hapo. Deni halionekani mpaka siku ya kulipa, na kwa hiyo maneno ndiyo kila kitu alicho nacho mkopaji. Isitoshe, Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 katika kifungu cha 46 imempa mtumiaji haki ya kupata habari anazozihitaji ili afaidi bidhaa na huduma kikamilifu. Habari iliyomo katika masharti marefu kwa lugha asiyoisoma kwa ufasaha, huku jina linalomvutia likiwa kwa lugha ya mama yake au ya jirani yake, ni habari iliyotolewa nusu.

Hapa wana isimu wana jambo lao pia la kuandika. Leo nchini Kenya mtu husema "nimefuliza" akimaanisha "nimekopa". Katika miaka michache tu kitenzi kilichodumu karne nyingi kimepata maana mpya, na maana hiyo ni ile ile ambayo jina halikutaka kuitaja. Umma umeirudisha maana ya deni ndani ya neno. Kwa njia hii wasemaji wenyewe wamefanya kazi ya mhakiki.

3. MTENDAJI ALIYEPOTEA

Udhaifu mwingine hauko katika majina bali katika sentensi. Nguvu ya Kiswahili iko katika kitenzi. Neno "tutakukata" lina herufi kumi, na ndani yake mna mtendaji, wakati, mtendwa na tendo. Kwa Kiingereza jambo hilo linahitaji maneno manne au matano. Ujumbe mfupi wa simu una nafasi ya alama 160. Lugha inayoweza kusema mengi kiasi hicho kwa neno moja ingepaswa kuwa furaha ya mwandishi wa biashara.

Lakini maandishi mengi ya ofisi yanakiacha kitenzi na kukimbilia nomino. Husomwa kwamba "makato yatafanyika", kwamba "utoaji wa huduma utaboreshwa", kwamba "utekelezaji wa uimarishaji wa upatikanaji" wa kitu fulani unaendelea. Kisa chake kinajulikana. Waraka uliandikwa kwa Kiingereza cha ofisi, ukajadiliwa kwa Kiingereza, ukapitishwa kwa Kiingereza, na siku ya mwisho ukapelekwa kwa mfasiri, naye akaitafutia kila nomino nomino mwenzake. Uamuzi wote ulikwisha fanywa kabla ya Kiswahili kuitwa. Kiswahili kiliitwa kama mtu anayealikwa karamuni vyombo vikioshwa.

Isidhaniwe kwamba ugonjwa huu ni wa wafasiri peke yao. Waingereza waliuona katika lugha yao wenyewe. Mwaka wa 1948 Ernest Gowers aliandika kitabu chake juu ya maneno ya wazi kwa ombi la Wizara ya Fedha ya Uingereza, kwa sababu watumishi wa serikali walikuwa wakiwaandikia raia kwa lugha ambayo raia hawakuielewa. Ikiwa Kiingereza hicho cha ofisi kilihitaji tabibu kwao, kukifasiri neno kwa neno ni kuuhamisha ugonjwa bila kuhamisha dawa.

Madhara yake si ya mtindo tu. "Tutakukata shilingi kumi kila siku" ni sentensi inayoweza kubishwa: nani atanikata, kwa nini, mpaka lini? "Makato yatafanyika" haina wa kubishana naye. Nomino imemwondoa mtendaji, na pamoja naye umeondoka wajibu. Hivyo kuchagua kati ya kitenzi na nomino, jambo linaloonekana kuwa la darasa la sarufi, kumbe ni kuamua nani atawajibika.

4. WALENGWA NA WACHANGAJI

Mashirika yasiyo ya kibiashara hayauzi, lakini nayo huandika ili mtu atende: achange, apime afya, atunze kisima. Katika Kiswahili chake umeota msamiati unaotambulikana mara moja: kujenga uwezo, wadau, shirikishi, endelevu, uwezeshaji, na zaidi ya yote, walengwa.

Neno "walengwa" linastahili kusimamishwa kidogo. Kulenga ni kazi ya mwindaji na ya askari: mtu hulenga shabaha, hulenga ndege juu ya mti. Mlengwa, kwa mujibu wa mofolojia yake, ni aliyeelekezewa mshale. Anayelitumia hakusudii ubaya wowote. Amefasiri neno la Kiingereza ambalo nalo lina shabaha ndani yake. Lakini neno limebeba msimamo. Mlengwa hatendi. Hatembei, maana akitembea atakosekana. Mradi unamjia kutoka mbali, unampata, na ripoti inaandikwa kwamba amefikiwa.

Itolewe sentensi ya mfano, iliyotungwa hapa kwa ajili ya uchambuzi: "Mradi unalenga kuwajengea uwezo walengwa ili kuimarisha upatikanaji endelevu wa maji." Kisarufi haina kosa. Sasa ilinganishwe na hii: "Wanawake wanaochota maji katika kisima hiki watafundishwa kukitengeneza kikiharibika, ili maji yasikatike mradi ukiisha." Ya pili ni ndefu kidogo, lakini ina watu, ina kisima, ina kazi, na ina siku ambayo wafadhili wataondoka. Tena inaweza kukosolewa. Mwanamke wa kijijini akiisikia anaweza kuuliza vipuri vitanunuliwa na nani. Ya kwanza haimpi pa kuulizia.

Kwa nini basi waandishi wa mashirika huandika ya kwanza? Kwa sababu nao, kama muuza leso, wana wasomaji wawili: mfadhili aliye mbali na mwanakijiji aliye karibu. Tofauti ni kwamba muuza leso huwaweka wote wawili akilini, ilhali mwandishi wa ripoti humwandikia mmoja, kisha humfasiria mwingine. Wa kwanza ana pesa. Wa pili ana kisima tu.

Hali haikuwa hivi daima. Kenya ina fani yake ya maandishi ya michango, nayo ilikua pamoja na harambee. Wito huo wa wafanyakazi wanaovuta kitu kizito kwa pamoja ulifanywa na Jomo Kenyatta kuwa wito wa taifa mwaka wa 1963, na katika miaka iliyofuata shule nyingi zilijengwa kwa michango ya wenyeji. Kadi ya mchango ni maandishi mafupi mno: nani anaita, kwa haja gani, siku gani, mahali gani, mgeni wa heshima ni nani, kisha mistari ya kuandikia majina na kiasi. Chini yake mara nyingi huandikwa "Kutoa ni moyo, si utajiri". Methali hiyo haikuwekwa kwa mapambo. Inampa ruhusa mwenye shilingi ishirini kuandika jina lake chini ya mwenye elfu ishirini bila kuona haya. Na mistari ile ya majina, ambayo baadaye husomwa hadharani, inafanya kazi ambayo ripoti ya kurasa arobaini huishindwa: kila mtu anajua kilichotolewa na nani. Fani hii nayo ilitumiwa vibaya. Kadi iliyotoka kwa mkubwa ilikuwa amri iliyovaa nguo za ombi, hata Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka wa 2003 ikawawekea maafisa hao mipaka katika uchangishaji. Lakini kosa hilo lilikuwa la mwenye kuita, si la lugha ya kadi.

Moyo wa fani hiyo ulionekana tena mwaka wa 2011, ukame ulipoleta njaa kali kaskazini mwa nchi. Kampeni iliyoitwa "Kenyans for Kenya" ilikusudia kuchanga shilingi milioni 500, ikapita kiasi hicho, na watu wengi walichanga kwa simu zao. Jina lilikuwa la Kiingereza, na mpenzi wa Kiswahili ana haki ya kusikitika. Hata hivyo muundo wake ulikuwa wa harambee. Anayetoa ameitwa Mkenya, na kinachopewa kimeitwa Kenya, hakuna mlengwa. Anayesoma anajiona yuko ndani ya jina hilo, na anamwona mwenye njaa kuwa yumo pia.

Mfano wa mwisho unatoka katika elimu ya Ukimwi. Kampeni iliyowaonya watu walio katika ndoa haikutumia maneno ya daktari wala ya mhubiri. Ilitumia "mpango wa kando". Kila Mkenya alielewa. Mwezi wa Machi 2013 tangazo la televisheni lililowaonyesha wanawake wawili wakizungumza juu ya mpango wa kando na matumizi ya kondomu liliondolewa hewani baada ya viongozi wa dini kulilalamikia. Walioliandaa walisema linaokoa maisha. Waliolipinga walisema linahalalisha uzinzi. Makala haya hayaamui kati yao. Linalohusu uhakiki wa lugha ni kwamba ugomvi ulikuwa juu ya jambo lenyewe, kwa sababu lugha ilikuwa imeliweka wazi. Lugha ya walengwa na uwezeshaji haijaondolewa hewani na mtu yeyote, na si kwa sababu wote wanakubaliana na inachokisema.

HITIMISHO

Uchunguzi huu umeonyesha kwamba Kiswahili hakikukosa urithi wa maandishi ya biashara na ya michango, wala hakikukosa zana. Barua ya mfanyabiashara wa pwani, jina la leso na kadi ya harambee zilianza na msomaji na haja yake. Majina ya huduma za simu yameurithi ufundi wa maneno wa pwani, lakini si yote yaliyourithi uwazi wake. Maandishi ya mashirika mengi yamepoteza vyote viwili kwa kuwa hupitishwa kwa Kiingereza kwanza, na msomaji huletwa mwishoni.

Katiba ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, katika kifungu cha 7. Kwa muda mrefu idara za Kiswahili zimeipokea kazi hiyo kama kazi ya istilahi na usanifishaji: kutafuta neno, kulisahihisha, kulieneza. Kazi hiyo ni ya lazima, lakini mwalimu anayesahihisha "Lipa na" na kuipitisha "Fuliza" bila neno amelinda lugha na kumwacha msemaji wake. Inapendekezwa kwamba masomo ya mtindo na tafsiri yaingize maandishi ya aina hii darasani na kuyahakiki kwa bidii ile ile inayopewa utenzi au tamthilia. Kwamba wanafunzi wafunzwe kuandika fomu ya mkopo na kadi ya mchango, si kuzifasiri tu. Na kwamba mwanafunzi apelekee rasimu yake mtu atakayeitumia, mama muuza mboga au mzee wa kijiji, amwombe aeleze kwa maneno yake anatakiwa afanye nini na atalipa nini. Akishindwa kueleza, rasimu irudishwe, hata kama ngeli zake zote zimepatana.